Leso ya Kampala, leso ya Dar: Tunatafuta kosa la majina ya nguo mahali lisipokuwepo

Mwaka 2024, hapa Uganda, wanafunzi wa kwanza waliosoma kwa mtaala mpya wa sekondari ya chini walifanya mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Mtaala huo, ulioanza 2020, uliweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima kwa vidato viwili vya mwanzo, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tangu hapo mjadala haujatulia, na unazidi kuegemea jambo ambalo watu wengi hulitaja wakitaka kuonyesha kwamba mpango mzima umekwama: walimu wetu, vitabu vyetu na watoto wetu hawakubaliani hata nguo ya mwilini inaitwaje. Kitabu kilichochapwa Nairobi kina neno moja, mwalimu aliyesomea Tanzania ana lake, na mtoto wa Wakiso amekuja na la tatu kutoka nyumbani. Wapo wanaoichukua tofauti hiyo kuwa ushahidi kwamba Uganda haina Kiswahili cha maana, na wapo wanaoichukua kuwa ushahidi kwamba Kiswahili si mali yetu na tungekiacha kwa wenyewe.

Nadhani kambi zote mbili zimekisoma vibaya kitu kilekile. Majina tofauti ya nguo yanayosikika Uganda ni alama za njia ambazo bidhaa zilipitia hadi kutufikia, na sehemu kubwa ya majina hayo ni ya Kiswahili tangu zamani, ila yalivaa lafudhi ya Kiganda au ya Kinyankole tukasahau yalikotoka. Nguo moja kuwa na majina mawili au matatu haimsumbui mtu kwa muda mrefu. Kazi ipo kwenye kinyume chake, yaani jina moja kushikwa na nguo mbili tofauti, na hilo shule zetu hazilifundishi kabisa kwa sababu zimeshughulika mno kukata maneno kwa kalamu nyekundu.

Tuanze na historia. Kabla ya misafara ya pwani kufika Buganda katika miaka ya 1840, enzi za Kabaka (mfalme wa Buganda) Ssuuna wa Pili, vazi la heshima lilikuwa lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba linalopondwa kwa nyundo za mbao mpaka lilainike na kutanuka. Wafanyabiashara wa Zanzibar walikuja kwa njia ndefu ya Bagamoyo, Unyanyembe (Tabora) na Karagwe, wakileta vitambaa, shanga na bunduki, wakirudi na pembe za ndovu na watumwa. Kila kitambaa kilitua na jina lake. Merikani ilikuwa pamba isiyopaushwa iliyofumwa Marekani na kuletwa Zanzibar na mabaharia wa Salem. Kaniki ilitoka India ikiwa imetiwa nili. Bafuta, nyeupe na nyepesi, Kiganda kiliipokea ikawa bbafuta. Mutesa wa Kwanza, mwana wa Ssuuna, alizungumza Kiswahili, na barazani kwake watu wakubwa walivaa kwa mtindo wa pwani. Kofia ikawa enkofiira. Kifungo cha shati hadi leo ni eppeesa, neno lililotoka kwenye pesa, na ukivuka mpaka kuingia Rwanda utakikuta kinaitwa igipesu. Mtu anayesema Kiswahili kiliingizwa Uganda na serikali ya juzi ajitazame kifuani, ahesabu vifungo vyake.

Kisha reli ikageuza njia. Ilifika Kisumu 1901, ikafika Kampala 1931, na kuanzia hapo mzigo wetu mwingi ukawa unapita Mombasa. Ndiyo maana, naamini, mama wa Kampala anajifunga leesu na hajifungi kanga. Mombasa vazi hilo la vipande viwili lenye pindo na jina lililoandikwa chini huitwa leso. Unguja na Dar es Salaam huitwa kanga, na huko leso ni kitambaa kidogo cha kufutia jasho au kamasi. Neno lenyewe ni la Kireno, lenço, kitambaa cha mkononi au cha kichwani. Inasimuliwa pwani kwamba katika karne ya 19 wanawake walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa kutoka kwenye jora, wakaunganisha sita wakapata nguo moja ya kujifunga. Unguja ilibaki na maana ya kale, Mombasa ikaliacha jina liifuate nguo mpya. Nani kakosea hapo? Hakuna. Na Kampala, iliyouziwa nguo na Mombasa, ilichukua jina la muuzaji wake kama mnunuzi yeyote duniani anavyofanya. Kwa hiyo tunavaa Kiswahili cha tabaka mbili, la msafara wa Tabora na la reli ya Mombasa, na juu yake limekuja la tatu ambalo kila mtu analifahamu, la nguo kuukuu za Ulaya na Marekani.

Hili la tatu nalipitia haraka, kwa kuwa linajieleza. Mtumba ni furushi, robota la mzigo. Kenya na Tanzania wakazipa nguo zenyewe jina hilo, mitumba. Uganda tunasema mivumba. Rwanda na Burundi wanasema caguwa, na kila msemaji wa Kiswahili anaisikia humo sauti ya muuzaji akiwaita wateja wachague. Agosti 2023 Rais Museveni alipotangaza nia ya kuzuia nguo hizo zisiingie nchini, habari ilienea Nairobi, Kigali na Bukavu siku ileile, kila mji ukaisoma kwa jina lake, na sikusikia popote mfanyabiashara aliyeshindwa kujua ni nguo gani zinazozungumziwa. Majina matatu, mali moja, na biashara iliyovuka mipaka mitano bila mkalimani.

Sasa nije shuleni. Nimeliona daftari la mwanafunzi wa kidato cha kwanza, zoezi la kutaja mavazi aliyoyachora mwenyewe kwa penseli. Alikuwa amechora nyayo mbili zenye kamba ya umbo la V, akaandika chini yake "sapatu". Neno limekatwa, pembeni pameandikwa "ndala". Alikuwa amechora mama amejifunga nguo kiunoni, akaandika "leso". Limekatwa, pameandikwa "kanga". Alikuwa amechora mkanda wa suruali, wenye bizimu na matundu yaliyopangwa vizuri, akaandika "mshipi". Hilo nalo limekatwa. Alama tatu zimepotea, na yule mtoto, nilivyoelezwa, aliuliza kama Kiswahili kina neno lolote analolijua. Jibu la haki lilikuwa kwamba ameyajua yote matatu. Sapatu ni neno la Kiswahili cha zamani, limo katika kamusi za mwanzo za lugha hii, nalo pia ni la Kireno, sapato. Kiganda kililichukua kikalitunza wakati Tanzania ikihamia kwenye ndala, kandambili na malapa, na Kenya ikihamia kwenye slipasi na patipati. Mshipi ndilo neno la kawaida la Kenya kwa ukanda wa kiunoni, na jamaa yake wa Kiganda ni omusipi. Mwalimu hakuwa mvivu wala mjeuri. Alifundishwa orodha moja, akapewa kitabu chenye orodha hiyo, akaambiwa mtihani utaifuata.

Wanaomtetea mwalimu huyo wana hoja nzito na ni lazima isikilizwe. Mgala muue na haki umpe. Wanasema lugha ya shule haiwezi kuwa soko huria. Mtihani unasahihishwa na watu wengi wasioonana, na kama kila mmoja atakubali neno la kwao, mtoto wa Arua na wa Masaka hawatapimwa kwa kipimo kimoja. Wanaongeza kwamba Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingi za Afrika hazina: usanifishaji wake ulifanyika mapema. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki, Uganda ikiwamo. Kamusi, vitabu vya sarufi na tahajia ya leo vinatokana na kazi hiyo. Kuivuruga kwa ajili ya ndala na sapatu, wanasema, ni kubomoa nyumba ili kupanua dirisha. Zaidi ya hayo wana hofu ambayo si ya kubeza, kwamba tukianza kusema "Kiswahili cha Uganda kinaruhusu", tutaishia kuruhusu kila kitu, pamoja na upatanisho mbovu wa ngeli na sentensi zisizoeleweka nje ya Kampala.

Nakubaliana nao katika ngeli, katika tahajia na katika muundo wa sentensi. Kiatu kipya na viatu vipya havina mjadala. Mtoto akiandika "viatu mpya" amekosea, na huruma yoyote tutakayomwonea hapo itamgharimu atakapoomba kazi Arusha. Lakini msamiati wa mavazi haukusanifishwa kwa namna wanayoidhani. Kamusi zenyewe zina leso na kanga, mshipi na mkanda, kaptula na bukta, bila kumfukuza yeyote. Mtanzania anavaa pensi, bukta au kaptula kulingana na umri wake na mtaa wake; Mkenya anavaa kinyasa; na wote wanafaulu mitihani ya nchi zao. Wakenya husema yunifomu huku Watanzania wakisema sare, na sijasikia Dodoma ikiidai Nairobi iombe radhi. Kinachotakiwa Uganda kiwe kosa ndicho kinachokubalika kwingine kuwa uzoefu wa mahali. Tunaogopa kwa sababu tumejizoesha kujiona wageni katika lugha hii, na mgeni hukubali kusahihishwa hata pale alipokuwa sahihi.

Halafu kuna hoja ya soko, ambayo naisikia zaidi kutoka kwa wafanyabiashara wenyewe. Wanasema shule zijisumbue zitakavyo, sokoni watu wanaelewana. Muuzaji wa Busia anayejua kwamba Mkenya akitaka "longi" anataka suruali hahitaji kamusi. Mteja ananyoosha kidole, nguo inateremshwa kutoka kwenye mti wake, bei inaanza. Ni kweli, na ni jambo la kupendeza. Lakini hoja hii inategemea kidole. Biashara ya nguo ya siku hizi inazidi kufanyika kwa simu, kwa ujumbe wa maandishi na pesa inayotumwa kabla mzigo haujaonekana. Dada anayeuza nguo Kikuubo, mtaa wa biashara wa Kampala, anapokea oda kutoka Bukoba, Bunia na Kisumu mchana mmoja. Picha husaidia, lakini picha haimfuati kila mtu hadi bohari, na orodha ya mzigo huandikwa kwa maneno. Forodha wamejikinga kwa namba: nguo kuukuu ni 6309 katika vitabu vyao, iwe inaitwa mitumba au mivumba. Mwalimu na muuzaji hawana namba hizo, wana maneno tu. Na hapo ndipo linapojitokeza tatizo la kweli, ambalo wala watetezi wa orodha moja wala watetezi wa soko hawaligusi.

Chukua kanzu. Neno ni moja kutoka Lamu hadi Fort Portal, na hakuna mwalimu atakayelikata. Lakini mtu wa Zanzibar akisikia kanzu anaona vazi la Mwislamu la kila siku au la Ijumaa, jeupe au la rangi ya maziwa, na kofia yake. Mtu wa Masaka anaona vazi la mwanamume yeyote siku ya kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa msichana, awe Mkatoliki, Mwanglikana au Mwislamu, lenye nakshi ya rangi ya damu ya mzee shingoni na kifuani, na juu yake koti la suti. Bwana harusi asiye na koti amevaa nusu. Mshonaji wa Dar es Salaam akipewa oda ya kanzu 20 za kwanjula bila maelezo zaidi, atashona kanzu nzuri kabisa ambazo wenyeji wa Masaka watazikataa mlangoni, na kila upande utakuwa umesema Kiswahili sanifu.

Kikoi ni mfano ninaoupenda zaidi, kwa kuwa nimeusikia ukizua mzozo mbele yangu katika kibanda cha magomesi, magauni marefu ya heshima ya wanawake wa Uganda, katika soko la Owino, Kampala. Mwanamke wa pwani, mgeni, alitaka kumnunulia mumewe kikoi. Muuzaji, mama wa makamo mwenye futi ya kupimia shingoni, akamletea kitambaa kizito chenye mistari, akakikunjua juu ya meza na kuanza kumweleza namna ya kukizungushia nyonga mara mbili kabla ya kuvaa gomesi, ili gomesi isigande mwilini na ikae na umbo. Mgeni akadhani anadhihakiwa. Muuzaji akadhani mgeni hajui adabu ya mavazi. Kwa mmoja kikoi ni nguo ya mwanamume ya kujifunga kiunoni, ya kupumzikia nyumbani au kuendea baharini. Kwa mwingine kikooyi ni nguo ya ndani ya mwanamke inayobeba gomesi. Asili ni moja, mistari inafanana, na matumizi yameachana kabisa. Walipoelewana walicheka wote wawili na biashara ikafanyika, lakini hebu fikiria mazungumzo yale yangefanyika kwa ujumbe wa simu.

Shuka nayo. Tanzania ni ya kitandani kwanza. Kenya utaisikia zaidi kwa vazi jekundu la Mmaasai, kitandani wakitandika shiti. Kwa Kiganda essuuka ni ya kitandani tena. Rinda katika Kiswahili sanifu ni mkunjo uliopigwa kwenye kitambaa, ndipo tukapata sketi ya marinda. Mkenya wa bara akisema amenunua rinda amenunua gauni zima, na mtoto wa Kampala anayeliita gauni kiteeteeyi anaingia katikati ya mvutano usiomhusu. Na mpakani magharibi kuna la hatari zaidi. Kiswahili cha Kongo kilichukua neno la Kifaransa la shati, kikapata shimizi: mwanamume wa Bunia huvaa shimizi na suti kwenda kazini. Tanzania neno lilelile la Kifaransa lilifika kwa njia nyingine likawa shumizi, nguo ya ndani ya mwanamke. Muuzaji wa Arua au wa Mpondwe, aliyekaa katikati ya Kiswahili cha Kongo na kile cha vitabu vya shule, ndiye atakayeamua ni robota lipi linapakiwa. Kijana aliyefundishwa darasani kwamba kuna neno moja tu lililo sahihi ataingia pale akiwa na ujasiri na atapakia robota lisilo lake. Aliyefundishwa kuuliza "kwenu shimizi ni ipi?" atapona.

Ndiyo maana nasema kalamu nyekundu inakata mahali pasipo na ugonjwa. Sapatu na ndala zinapokutana, mmoja atamwuliza mwenzake, atacheka, atajifunza neno. Kikoi na kikooyi zinapokutana, hakuna anayeuliza, kwa kuwa kila mtu anaamini ameelewa. Mwanafunzi wa Uganda, aliyezungukwa na Mutukula, Katuna, Mpondwe, Malaba na Busia, ana hitaji la elimu hii kuliko mwenzake wa Morogoro, ambaye anaweza kuishi umri wake wote bila kukutana na shimizi ya Kongo. Kwetu ndipo Viswahili vya pande zote hukutana. Hilo linatupa kazi ya ziada, na linatupa pia uwezo ambao nchi nyingine hazina, kama tutakubali kuuona.

Imebaki hoja ya wale wasiotaka Kiswahili kabisa. Wanasema ni lugha ya askari na wezi, na kwamba maneno yake ni ya kigeni midomoni mwetu. Sehemu ya kwanza nitaigusa kwa heshima, kwa sababu imejengwa juu ya maumivu ya kweli. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa baada ya wajumbe wa wilaya kupiga kura, 12 zikikitaka Kiswahili na 8 zikitaka Luganda, na katika miaka iliyofuata watu wengi walikisikia kikitoka kwenye kizuizi cha barabarani au mlangoni usiku wa manane. Mzee aliyeamrishwa "lala chini" na mtu mwenye bunduki hana wajibu wa kuipenda lugha ile kwa sababu mimi nimeandika makala. Na upinzani una mizizi ya zamani zaidi ya Amin: mwishoni mwa miaka ya 1920, Gavana William Gowers alipotaka Kiswahili kienezwe shuleni, Kabaka Daudi Chwa alikipinga hadharani, kwa kuhofia nafasi ya Luganda na ya Buganda yenyewe. Hofu ile ilikuwa ya kisiasa na ilikuwa na msingi wake.

Lakini sehemu ya pili, kwamba maneno ya Kiswahili ni ya kigeni kwetu, ndiyo dhaifu kuliko zote, na nguo zinaikanusha kila asubuhi. Mtu huyohuyo anayesema Kiswahili hakimhusu huvaa kanzu siku ya kumposea mwanawe, na kanzu ilifika kwa Ssuuna zaidi ya miaka 100 kabla ya Amin. Mkewe hufunga leesu akiingia jikoni. Mtoto wake anatafuta sapatu mlangoni kabla ya kwenda kuoga. Hakuna aliyewalazimisha kwa bunduki. Walinunua nguo, wakapewa na jina, wakalipenda, wakalitamka kwa namna inayowakaa mdomoni. Askari alikuja baadaye sana akalikuta neno limekwisha kuzaa. Kama tunakubali kwamba gomesi, iliyobeba jina la fundi Mgoa Gomes, ni vazi la heshima la Uganda, sioni ni kwa kanuni gani leso iliyopita Mombasa itaitwa ya kigeni.

Kinachofuata kwa vitendo hakihitaji fedha nyingi. Baraza la Mitihani, UNEB, linaweza kuweka katika mwongozo wa wasahihishaji kwamba jina la vazi lililo katika kamusi yoyote ya Kiswahili inayotambulika, au linalotumika kwa upana katika nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lipewe alama, ilimradi tahajia na ngeli ziwe sawa. Hilo halimpunguzii mtahini kipimo. Linamwondolea tu kazi ya kuchagua kati ya Mombasa na Unguja, ambayo hakuna aliyempa. Waandishi wa vitabu wanaweza kuiacha ile picha ya mvulana na msichana yenye mistari ya kuelekeza neno mojamoja, wakaweka sura fupi inayomwonyesha mwanafunzi safari ya neno kutoka bandarini hadi kwao, na zoezi la kumtaka aandike oda ya nguo kwa mteja wa Bukoba, kisha ileile kwa mteja wa Beni. Atalazimika kueleza nguo: urefu wake, nani anaivaa, wapi, juu ya nini. Kueleza ndiko kujua lugha, na ni zoezi ambalo mtoto wa Uganda, aliyezoea kuishi na lugha nne mtaani, atalifanya vizuri kuliko wengi.

Kuna na kazi ya upande wa pili. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ipo Zanzibar kwa ajili ya nchi zote wanachama. Tumekuwa tukienda kwenye vikao vya namna hii kama wanafunzi waliochelewa, tukiuliza neno sahihi ni lipi. Tungekwenda na orodha yetu. Lugabire, ndara ya tairi la gari ambayo Mkenya huiita akala na Mtanzania katambuga. Lubugo, ambayo UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005 na ambayo Kiswahili kinaizungukia kwa kusema nguo ya magome. Kikooyi cha ndani, chenye maana yake ya pili iandikwe chini ya ile ya kwanza. Kanzu ya kwanjula na koti lake. Gomesi, na busuuti, jina lake la pili, pamoja na vifungo vyake viwili vya upande wa kushoto wa shingo na mshipi wake mpana. Kamusi ikiandika mshipi hapo, na isiandike mkanda, itakuwa imeandika kama mwanamke wa Uganda anavyosema.